Baba, Nimeimwaga Oili Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza kukugombeza kabla sijakuamkia. Ulinilea hivyo mwenyewe.

Nimeimwaga oili yako. Yote. Niliingia chini ya pikapu, nikafungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa mkono wangu, nikaitazama ikitoka. Ilichukua muda kutoka, maana ilikuwa nzito kama uji wa uwele uliolala. Kisha nikatia oili ya dukani, ile nyepesi ya sintetiki, ile uliyoiita maji ya kunawia. Ungekuwa hai ungenifukuza nyumbani kwako. Basi nifukuze. Kasirika huko huko uliko, mimi nitaandika mpaka nimalize, na safari hii hutanikatiza.

Naandika nimekaa ndani ya gari, hapa nyumbani Mwankoko, karatasi nimeilaza juu ya usukani. Mama anapepeta mtama uani. Upepo wa kwetu unaujua, unataka kuninyang'anya karatasi kila nikigeuza ukurasa, na mimi siachii.

Nianze na lile linaloniuma, nikilitoa nitapumua.

Siku ile ya mwisho ulipomwita Baba Mdogo Hamisi karibu na kitanda, ulimwambia, "Gari nakukabidhi wewe." Ulimwambia yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kikombe chako cha uji. Mimi, mwanao wa pekee, niliyekaa kiti cha pembeni tangu nimalize darasa la saba. Niliyefunga turubai kwenye mvua. Niliyebishana na abiria wako wa nyuma waliojifanya wamelala wakati wa kulipa. Niliyeshika usukani macho yako yalipoanza kukataa jua la jioni, na ukawa unawaambia watu njiani kwamba unanifundisha tu, wakati wewe ndiye uliyekuwa unakoroma. Ukamkabidhi yeye, mtu ambaye mpaka leo hajui boneti inafunguliwa wapi. Nilikasirika, Baba. Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa huzuni, na watu waliokuja msibani wakadhani nalia kama binti yeyote anavyomlilia baba yake.

Baada ya arobaini tuliketi kikao. Sheikh akaeleza kwa upole kwamba maneno ya kitandani hayabadilishi mirathi: pikapu ni ya Mama, yangu mimi, na ya Baba Mdogo, kwa kuwa hukuacha mtoto wa kiume. Hilo sikulipinga, haki yake ni haki yake. Lakini pikapu haigawanyiki kama gunia la vitunguu, na Baba Mdogo alikuwa amekwisha kumleta dalali kutoka mjini, jamaa mmoja mwenye miwani ya jua aliyelizunguka gari lako akiyapiga matairi mateke. Nikasema haliuzwi. Nikasema nitaliendesha mimi, na tutakula wote kwa jasho la gari hili. Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka waziwazi. Mwishoni wakanipa masharti: Zainabu aliendeshe mpaka alizeti zivunwe, likimfia mkononi kabla ya hapo, linauzwa lilivyo na kila mtu achukue fungu lake. Walikubaliana upesi sana, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba litakufa.

Na kusema kweli lilikuwa linakufa.

Hukuliona lilivyokuwa baada ya kusimama muda wote wa msiba. Kile kihesabu kilomita unakijua, kilishazunguka kikaanza upya, na sasa kimegoma kabisa, hakuna binadamu anayejua gari hili limetembea kiasi gani. Asubuhi ya kwanza niliwasha kwa desturi yako. Nikasukuma jiko la mkaa chini ya sampo ili oili ilainike, nikangoja, majirani wakaja kuota moto na kusengenya kama enzi zako. Injini ikanguruma, ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Moshi wa bluu ukaingia kwenye nyumba za watu. Taa nyekundu ya oili ikakawia kuzimika mpaka nikaanza kuisemesha.

Nililipeleka polepole Utemini, kwa Fundi Selemani wako. Akaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha akaigusisha kwenye injini, akasikiliza huku amefumba macho. "Zai," akaniambia, "hapa ni kushusha injini au kuuza." Kushusha injini sikuwa na uwezo. Kuuza sikutaka. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa kitu kimoja tu, ile oili.

Sasa na tuiseme oili yako ilivyokuwa, maana ukiwa hai haikusemwa.

Nakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa miaka ile ya foleni, oili ikipatikana kwa kibali na kibali kikipatikana kwa kujuana. Ulikuwa unaichuja ile ile kuukuu kwa kipande cha kanga ya Mama, mimi nimeshika pembe mbili, wewe unamimina na kunikemea nisitikisike. Ilipokosekana hata ya kuchuja, ukamgeukia Mama na nyonyo zake za shambani. Mama akakaanga mbegu, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta, na wewe ukayatia kwenye injini mbele ya Mwankoko nzima. Gari likatembea! Magari ya wakubwa yamewekwa juu ya mawe, letu linakwenda Sekenke na kurudi kwa nyonyo tulizochuma wenyewe. Nilikuwa mdogo na niliringa shuleni mpaka nikachukiwa. Heshima hiyo sikunyimi, Baba. Ulikuwa mjanja kuliko wote waliokuwa na vyeo.

Ila miaka ile ilikwisha, na wewe ukakataa kukubali kwamba imekwisha. Mambo yakawa ruksa, maduka ya mjini yakajaa makopo ya kila rangi, na wewe bado ukanunua ile nzito kuliko zote, namba hamsini, ukaichanganya na nyonyo, kwa sababu gari limezoea. Limezoea! Kila nilipouliza ulinijibu neno hilo hilo, halafu ukafunga boneti. Watu wakaamini. Baba Mdogo alikuwa analieleza jambo hilo kama dawa ya ukoo: gari la kaka linaishi kwa nyonyo za shemeji. Hata hukuwa unaimwaga yote. Ulikuwa unaongezea tu juu ya ile iliyomo, mwaka hadi mwaka, kama mtu anayeongeza maji kwenye mtungi.

Aliyenifungua macho ni dereva wa lori la masafa, mtu wa makamo, nilimkuta Shelui nilipokuwa napakia mpunga. Lori lake ni kuukuu kuliko pikapu yetu na lilikuwa linapumua vizuri kuliko mimi. Nikamwuliza analitia oili gani. Akanieleza bila maringo. Asubuhi ya baridi, akasema, oili nzito inafika juu ya injini ikiwa imechelewa, vyuma vimekwisha kusagana vikavu. Sintetiki inafika mara moja. Na mlimani, injini ikipata moto, ile ya kawaida inalegea kabisa lakini sintetiki inavumilia. Nikamwambia fundi wangu anasema gari kuukuu likipewa hiyo litavuja kama kapu. Akacheka, akasema fundi wako hakudanganyi. Oili hii inasafisha, na ukisafisha mahali palipozibwa na uchafu, tundu linaonekana. Kwa hiyo usije ukasema hukuonywa.

Basi nilionywa na wote wawili, na nikaenda dukani hivyo hivyo.

Ungeiona ile rafu ungetukana. Kopo lenye picha ya gari la mashindano. Kopo lenye simba. Kopo lenye bendera ya nchi nisiyoijua. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, umetumwa na nani?" Nikamwambia nimetumwa na injini. Akanipa kwanza ile nyepesi kupita zote, akasema ndiyo ya kisasa. Nikamrudishia. Hiyo ni ya magari yaliyoshuka melini juzi, ambayo ndani bado yamebana; letu limekwisha kulika, nafasi zake zimepanuka, hiyo ingepita tu bila kushika kitu. Akaniletea nyingine ya bei rahisi iliyoandikwa sintetiki kwa herufi kubwa. Nikaligeuza kopo, nikaona kifuniko kimefunguliwa kikafungwa tena, na karatasi ya mgongoni imebandikwa upande. Huku kufunguka kwa biashara kumeleta na hayo, Baba: kuna watu wanachemsha oili chafu, wanaitia rangi, wanaijaza kwenye makopo mazuri. Nikalirudisha nalo, mwenye duka akaacha kuniita dada.

Nikachagua ya kati, namba kumi kwa arobaini, sintetiki kamili, iliyoandikwa kwamba ni ya injini zilizotembea sana na imetiwa dawa ya kulainisha sili zilizokakamaa, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Lakiri yake ilikuwa haijaguswa. Nikachukua na filta mpya, pamoja na oili ya kawaida ya bei ndogo kwa ajili ya kuoshea. Sitakuficha, ilikuwa ghali. Niliuza kuku wangu wote, na yule jogoo wako mwekundu aliyekuwa anamfukuza Baba Mdogo akaenda nao.

Kumwambia Mama ndiko kulikonishinda. Nilizunguka kinu mara kadhaa kama mgeni, mwishoni nikasema. Akaweka mchi chini. "Nimetwanga nyonyo za gari lile mpaka viganja vimeota sugu," akasema, "leo unaniambia ni uchafu?" Nikamwambia sikusema uchafu. Lakini nilipofungua mfuniko wa juu wa injini, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na akaona mwenyewe. Gundi nyeusi imeganda kila pembe, imeziba hata vijia vya oili, na inanuka kama jikoni kwetu. Nyonyo na oili ya dukani havikuwahi kupatana humo ndani, vilikuwa vinagombana tangu mimi ni mtoto. Nikakwangua kwa kijiko na bati, Fundi Selemani akinisaidia na kunung'unika kwa pamoja. Tukatia ile ya kuoshea, tukaliacha lingurume taratibu bila kukanyagwa, tukamwaga, tukatia tena, tukamwaga tena, mpaka iliyotoka ikaanza kufanana na oili. Sikutaka libaki hata tone la nyonyo, maana ingeiharibu na hii mpya.

Oili yako hatukuitupa, usihofu. Majirani walikuja na makopo yao kuiomba, wapake nguzo mchwa wasile. Sasa umo kwenye nguzo za mazizi ya nusu ya mtaa.

Jioni ile Mama akaniambia jambo ambalo hukuwahi kuniambia. Alisema nyonyo hakuwahi kuiamini. Alijua tangu zamani kwamba maduka yana oili. Alitwanga kwa sababu ulikuwa huingii jikoni kwake isipokuwa siku ya nyonyo. Siku hiyo ulikaa kwenye kigoda karibu na chungu, ukimsimulia ulikokwenda, nani umemkuta, nani amekufa, mpaka mafuta yaelee juu. "Siku nyingine zote alikuwa wa gari," akasema. "Siku ya nyonyo alikuwa wangu."

Nililia, nakubali. Kama ningejua, labda ningeibakiza kidogo kwenye chupa kwa ajili yake. Lakini ndani ya injini ningeimwaga tu, Baba. Ningeimwaga hata kama ungekuwa umesimama pale.

Halafu likavuja.

Hukudhani nitakuambia hilo, eh? Siku chache tu baada ya kutia ile mpya, nilitoka asubuhi nikakuta dimbwi chini ya pua ya gari. Habari ikafika kwa Baba Mdogo kabla sijafuta. Alikuja, akasimama, mikono nyuma, akatamka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Umelitapisha gari la marehemu." Watu wakaja kutazama kana kwamba kuna msiba mwingine. Hata dalali alitokea, na miwani yake. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Nakuambia ukweli, nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani zaidi immeze dalali.

Sikurudia namba hamsini. Walinisihi, wakasema irudishe ile nzito, itaziba. Nikawauliza itaziba nini. Nikaingia chini ya gari mbele yao wote, nikafuta injini ikawa kavu, nikapaka majivu makavu ya jikoni kila mahali, nikawasha, nikangoja nione majivu yatalowa wapi. Yakalowa mahali pamoja tu, sili ya mbele, nyuma ya puli. Tuliitoa na Fundi Selemani. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama soli ya kiatu kilichoachwa juani kiangazi kizima. Ilikuwa imepasuka zamani, Baba, wewe ukiwa dereva. Gundi ya nyonyo ndiyo iliyokuwa inaiziba isionekane. Tukaweka mpya, nikaongezea oili mpaka kwenye alama, na dimbwi halikurudi. Bado kuna tone moja moja kwenye gasketi ya juu, nalifahamu, nalifuta kila asubuhi. Gari la umri huu lina haki ya kutoka jasho.

Kipupwe kilipoingia, majirani walikuja alfajiri na mikono yao mbele kuota moto wa jiko la sampo. Hapakuwa na jiko. Niligeuza ufunguo, likawaka, taa ikazimika pale pale. Walisimama wananitazama kwa chuki, nikawapungia mkono nikaondoka.

Sasa nifike mlimani.

Alizeti zilipokaribia kuvunwa, Baba Mdogo akasema haamini habari za watu, atapanda mwenyewe kwenda Shelui na kurudi. Akakaa kiti cha pembeni, kiti changu, tasbihi mkononi. Kuteremka kwenda hakukuwa na neno. Kurudi tulikuwa na mpunga mpaka juu ya kingo, na mlima wa Sekenke unaujua ulivyo. Nikashika gia ya chini, nikaanza.

Unajua pale ninapotaka kupasema. Ile kona ambayo taa nyekundu ilikuwa inaanza kupepesa, unaegesha pembeni, mimi nashuka naweka jiwe nyuma ya tairi, wewe unafungua boneti, tunakaa kwenye ukingo tunamenya mayai ya kuchemsha hadi injini ipoe. Kila ninachokijua kukuhusu nilikijua pale. Ulivyomposa Mama ukakataliwa, ukarudi tena. Ulivyokuwa unaogopa radi, dereva mzima wewe. Nyumbani hukuwa unazungumza. Pale ulizungumza, kwa sababu gari lilikuwa limechemka na hapakuwa na pa kwenda.

Taa haikupepesa. Gari likapanda, polepole lakini bila kuhema. Tukafika kwenye kona yetu, na gari halikutaka kupumzika, na mimi sikuwa na sababu ya kusimama. Nikapita.

Nikapita, Baba! Machozi yakanijaa mpaka barabara ikawa ukungu, lakini mguu sikuuondoa. Nilitaka lipone, nikauza kuku, nikalala chini yake kwenye vumbi ili lipone, na lilipopona likaninyang'anya pale petu. Hakuna aliyenionya kuhusu hilo. Dereva wa lori hakusema, wala kopo halikuandikwa. Baba Mdogo aliacha kuvuta tasbihi. "Kaka alikuwa anasimama hapa," akasema. Nikamjibu kwamba ulikuwa unasimama kwa sababu gari lilikuwa linaungua. Akaanza tasbihi yake upya.

Ukadhani basi yamekwisha. Mimi nami nilidhani hivyo.

Alizeti zikavunwa, kikao kikaitwa, na Baba Mdogo akasimama mbele ya wazee na sheikh akanisifu. Akasema ameliona gari kwa macho yake, limepona, Zainabu amefanya kazi ya mwanamume. Halafu, kwa sauti ile ile ya kusifu, akasema kwamba kwa sababu hiyo sasa ndio wakati wa kuliuza, litapata bei nzuri kuliko lilipokuwa linakufa. Na dalali amekwisha kuambiwa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Unaona mambo ya ndugu yako? Lingekufa, linauzwa. Limepona, linauzwa.

Nikasimama. Unajua kwetu binti hasimami kwenye kikao akasema. Nilisimama, nikasema masharti yalikuwa likifa, na halikufa. Baba Mdogo akanikatiza, akasema, "Kaka alinikabidhi mimi, wewe ulikuwepo." "Nilikuwepo," nikasema. "Nilikuwa nimeshika kikombe. Alikukabidhi gari linalokufa, Baba Mdogo, na ulipolipata ukaliitia dalali. Hili linalotembea sikulikuta, nimelitengeneza. Fungu lako silili. Nitakulipa kwa kubeba: alizeti zako zote, kila msimu, kutoka shambani hadi kwenye mashine za kukamulia mjini, bila nauli, mpaka sheikh aseme fungu lako limetimia. Ukikataa, nenda kawaambie watu kwamba ulikataa."

Kutoka kwenye mkeka wa wanawake nikasikia sauti ya Mama, ambaye tangu tukuzike hajasema neno kikaoni. "Gari haliuzwi," akasema. "Kama mnataka sana kuuza kitu, uzeni kile kinu changu, siku hizi hakina kazi."

Sheikh ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kujificha kwenye kanzu. Wazee wakafuata. Baba Mdogo aliinamisha kichwa, akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mkewe naye atapanda akienda kliniki. Nikamwambia mkewe atapanda, mbele, pamoja nami.

Msimu umeisha tangu hapo na fungu lake linaendelea kulipika. Kila Ijumaa anakuja, ananiomba nichomoe kijiti cha kupimia nimwonyeshe alama, anainusa oili, anatikisa kichwa. Sokoni anawaeleza watu habari za sintetiki kana kwamba aliigundua yeye. Namwacha.

Basi nikuage, kabla Mama hajaniita. Nilidhani nikimaliza kuandika nitakuwa nimekusamehe lile la kitandani. Bado. Labda ulimwambia yeye kwa kuwa ni mwanamume. Labda ulijua gari linakufa na hukutaka linifie mimi. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijui, na wewe huwezi tena kuniambia, na hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko yote. Nakupenda hivyo hivyo, na hasira yangu juu.

Ahadi yangu ni hii. Nitambadilishia mzee huyu, gari letu, oili kwa wakati wake, hii niliyoichagua, na filta yake, sitaongezea juu ya chafu. Hatauzwa nikiwa na pumzi. Siku atakapokataa kabisa, atakuwa amekataa mikononi mwa mtu anayemjua, na nitakuja mwenyewe kaburini kukuambia, nisimame pale nisikilize unavyokasirika.

Ulinizoesha kiti cha pembeni, Baba. Nimehama, na sirudi. Mungu akulaze mahali pema.

Mwanao,
Zainabu,
Dereva